Je, Wajua Kwa Nini Aliyepona Malaria Hushindwa na Mlima Ilhali Kitandani Alijiona Mzima?

Wasafiri wa baiskeli wanaotoka pwani kuelekea Iringa na Mbeya hupita Mikumi, hushuka hadi kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha hukabiliana na mlima Kitonga, ambako hugawana barabara nyembamba yenye kona kali na malori yaendayo Tunduma. Mtu aliyeugua malaria akiwa Morogoro, akamaliza dawa, akaamka bila homa na hamu ya kula ikamrudia, hujihesabu amepona na kuendelea na safari. Kwenye tambarare mambo humwendea vizuri. Akifika katikati ya mlima, moyo humwenda mbio, miguu hulegea, naye hulazimika kushuka na kukokota baiskeli. Wengi hudhani malaria imerudi, lakini mara nyingi vimelea vimekwisha kabisa, na kilichobaki ni upungufu wa damu ambao mwili ulikuwa bado haujapata sababu ya kuuonyesha.

Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika, ilhali damu yake husafirisha takriban lita moja katika muda huohuo. Kwa hiyo, mtu ambaye hemoglobini yake, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, imeshuka kutoka gramu 14 hadi gramu 10.5 kwa desilita, yaani amepoteza robo nzima, bado anayo oksijeni ya kumtosha mara tatu akiwa amelala au ameketi akinywa chai, na si ajabu akijiona mzima. Kupanda mlima na baiskeli yenye mizigo hudai lita mbili au zaidi kwa dakika. Hapo akiba yote huwa imeshatumika, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kufidia upungufu wa kila tone. Kimo nacho huongeza ugumu kidogo, kwa kuwa kwenye mita 1,500 kanieneo ya hewa huwa pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko ufukweni.

Damu hiyo hupotea kwa njia zaidi ya moja. Vimelea vya Plasmodium falciparum hupasua chembe nyekundu walimozaliana takriban kila baada ya saa 48, lakini bandama huondoa pia chembe nyingi ambazo hazikuambukizwa, na uboho wa mifupa hupunguza kasi ya kutengeneza nyingine. Ndiyo maana hemoglobini huweza kuendelea kushuka kwa siku kadhaa hata baada ya mgonjwa kuanza dawa. Vidonge 24 vya dawa mseto, ambavyo mtu mzima humeza kwa siku tatu, huua vimelea. Kurudisha damu si kazi yake. Uboho huhitaji takriban juma moja kukomaza chembe mpya, na pengo lote huzibwa kwa muda wa wiki kadhaa.

Kulala nako kuna gharama yake. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano wenye afya kwa siku 20, na uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ukapungua kwa zaidi ya robo bila ugonjwa wowote. Mgonjwa wa malaria halali muda mrefu hivyo, lakini maji ya damu huanza kupungua mapema sana mtu akilala, na homa pamoja na kukosa chakula humaliza wanga uliohifadhiwa kwenye misuli.

Kwa nini basi tambarare haikumuumbua? Kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huishia kushindana na hewa, na upinzani wa hewa hupungua haraka mno mwendo unapopungua. Aliyepoteza sehemu ya tano ya nguvu zake atashuka kutoka kilomita 20 kwa saa hadi takriban 18, tofauti ambayo anaweza kuisingizia upepo. Mlimani anainua uzito wake, wa baiskeli na wa mizigo, na uzito haumpunguzii chochote: kilomita 7 kwa saa huwa 5 na nusu, mwendo ambao baiskeli huanza kuyumba, na hakuna tena upepo wa kumpoza.

Anayechoka namna hii akikimbilia kipimo cha haraka cha malaria anaweza kupotoshwa, kwa kuwa vipimo vingi vya aina hiyo hutambua protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Akionekana bado ana malaria, huenda akameza dozi nyingine asiyoihitaji. Homa ikirudi, kipimo cha hadubini ndicho cha kuaminiwa. Ikiwa ni uchovu tu, cha kuomba ni kipimo cha wingi wa damu, na ni afadhali kukifanya Morogoro kabla ya kuanza safari. Majibu yakiwa mabaya, mabasi ya Iringa hubeba baiskeli.