Gemu ya diski nyingi si lazima iwe ndefu

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda gemu hapa Mombasa: gemu ya diski tatu ni ndefu mara tatu, ya diski moja imekatwa, usikubali kuuziwa. Sivyo.

Idadi ya diski huonyesha wingi wa data, si urefu wa mchezo. CD za PlayStation ya kwanza zilibeba takriban megabaiti 650 tu. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuja na diski tatu, sababu kubwa ikiwa video za hadithi. Mwenye nazo azitie kwenye kompyuta moja moja, afungue folda ya MOVIE: video zinabadilika, ila sehemu kubwa ya mchezo wenyewe imerudiwa kila diski. Zote tatu zingeenea kwenye DVD moja ya gigabaiti 4.7, na mchezo usingepungua hata dakika.

Red Dead Redemption 2 ya PS4 (PlayStation ya nne) ina diski mbili: moja ya kusakinishia, nyingine ya kuchezea.

Mkanganyiko unaeleweka. Boksi nene lilikuwa tangazo tosha, na kusema kweli lina raha yake mkononi. Kuinuka mara mbili kubadilisha diski si adha.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Kuna anayeacha gemu nzuri dukani kwa sababu yake. Adha iko kwenye mitumba: fungua boksi pale pale kaunta, hesabu diski, zigeuze utazame mikwaruzo. Ya pili ikikosekana, hadithi inakatikia njiani.