Shaba, urani na posho: biashara ya vita kati ya Katanga na Marekani

Kabla ya mwaka 1940, madini ya Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji, yalikuwa na mnunuzi mkuu na njia iliyozoeleka: shaba iliyeyushwa hapa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, au ikasafishwa Jadotville, yaani Likasi, na sehemu kubwa ikaelekea Ubelgiji. Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na siku 18 baadaye Mfalme Léopold III akasalimu amri. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilijikuta na migodi isiyo na soko, huku Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akitangaza kwamba koloni litabaki upande wa Uingereza.

Mnunuzi mpya wa kwanza alikuwa Uingereza. Kwa makubaliano ya tarehe 21 Januari 1941, Kongo iliingizwa katika eneo la pauni, yaani kundi la nchi zilizofungamanisha fedha zao na pauni ya Uingereza, faranga yake ikashushwa thamani, na shaba ikapata mahali pa kwenda. Uzalishaji, uliokuwa takriban tani 122,000 mwaka 1939, ulivuka tani 160,000 kwa mwaka wakati wa vita. Marekani iliingia taratibu zaidi, kupitia kobalti, bati, almasi za viwandani na, baada ya Japani kuiteka Malaya mwaka 1942, mpira. Mashine, vipuri na bidhaa za dukani ambazo Ulaya haikuweza tena kuzileta zilianza kuagizwa kutoka Marekani na Afrika Kusini.

Wageni wa makumbusho huuliza zaidi kuhusu urani ya Shinkolobwe, na si ajabu, ingawa kwa uzito haikufikia hata chembe ya shaba iliyosafirishwa. Mgodi huo, ulio karibu na Likasi, ulichimbwa tangu mwaka 1921 kwa ajili ya radiamu (metali yenye mionzi), na ulikuwa umefungwa mwaka 1937. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa na wanasayansi mwaka 1939 kwamba mawe yale yangeweza kuwa silaha mikononi mwa adui. Akiwa New York, aliagiza zaidi ya tani 1,200 za mawe yaliyokwisha kuchimbwa zipelekwe Marekani kupitia reli ya Benguela na bandari ya Lobito nchini Angola, ambako, tukumbuke, ilitawala Ureno isiyopigana na yeyote. Mapipa ya chuma yapatayo 2,000 yalilazwa katika ghala la Staten Island hadi Septemba 1942, alipofika Luteni Kanali Kenneth Nichols kuyanunua kwa niaba ya jeshi. Mawe hayo yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksidi ya urani, ilhali yale ya Marekani na Kanada hayakuzidi takriban asilimia 1. Ndiyo maana wahandisi wa jeshi la Marekani walishiriki kuufungua upya mgodi uliokuwa umejaa maji, na shehena zilizofuata zikaachiwa njia ndefu ya ndani: reli hadi Port-Francqui, ambayo ni Ilebo, mashua za mtoni hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kisha reli tena hadi Matadi. Karibu theluthi mbili za urani iliyotumiwa katika mradi wa Marekani wa bomu la atomu ilitoka Kongo.

Vitabu vingi vya nje huuita uhusiano huo msaada wa Marekani kwa washirika wake. Kwa maoni yangu, ukikaa Katanga na kusoma hesabu, neno hilo linageuka upande wa pili: mapato ya koloni yaligharimia serikali ya Ubelgiji iliyokimbilia London, na mzigo wa uzalishaji ulibebwa na watu wasioulizwa lolote. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mijini, bei za nguo na vyakula zilipanda kwa sababu meli zilikuwa chache, lakini mishahara na posho za kambini havikupanda kwa kiasi hicho. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma, wakianzia Jadotville. Tarehe 9 Desemba, askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Karani Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa. Idadi rasmi ilikuwa watu 48, na kumbukumbu za familia za hapa mjini zinataja zaidi. Yaani, siku mbili tu baada ya shambulio la Japani huko Pearl Harbor kuiingiza Marekani vitani, shaba iliyokuwa ikisubiriwa na washirika ilikuwa imekwisha kumwaga damu hapa.

Tarehe 26 Septemba 1944, Ubelgiji ilitia sahihi mapatano yaliyoipa Marekani na Uingereza haki ya kwanza ya kununua urani ya Kongo. Vita viliisha mwaka uliofuata, lakini mauzo yaliendelea hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Mwaka 1946 Sengier alivikwa nishani ya heshima na serikali ya Marekani. Kwa upande wa Kongo, kilichokuja kwa njia ya ushirikiano wa nyuklia ni kinu cha utafiti kilichowashwa mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika, nacho kilijengwa Léopoldville, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Shinkolobwe.