Kura 11,779 za Georgia: dhana potofu na ukweli wa uchaguzi wa 2020

Matokeo ya mwisho ya urais katika jimbo la Georgia, Marekani, yaliyothibitishwa kwa mara ya pili tarehe 7 Desemba 2020, ni haya: Joe Biden 2,473,633, Donald Trump 2,461,854, Jo Jorgensen wa chama cha Libertarian 62,229. Pengo la wawili wa juu ni kura 11,779 kati ya karibu milioni tano, yaani halifiki hata robo ya asilimia moja. Miaka minne kabla, Trump alilichukua jimbo hilohilo kwa kura 211,141. Ndiyo maana katika simu ya tarehe 2 Januari 2021 alimtaka Katibu wa Jimbo, yaani msimamizi mkuu wa uchaguzi wa Georgia, Brad Raffensperger, mwenzake wa chama cha Republican, amtafutie kura 11,780: moja zaidi ya pengo.

Pengo jembamba namna hii huzaa maneno mengi. Yafuatayo ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Trump alikuwa anaongoza usiku, halafu kura zikamwagwa"

Ni kweli Trump aliongoza usiku wa Jumanne tarehe 3 Novemba. Ni kweli pia kwamba Biden alimpita alfajiri ya Ijumaa tarehe 6, zilipoingia kura za posta za kaunti ya Clayton, kusini mwa Atlanta. Kosa ni kudhani kura hizo zilizaliwa kati ya Jumanne na Ijumaa. Kwa sheria ya Georgia, kura ya posta lazima iwe imefika kwa maofisa wa kaunti kabla ya saa moja jioni siku ya uchaguzi. Walioongezewa muda hadi Ijumaa ni wanajeshi na raia walio ng'ambo tu, na bahasha zao zilitakiwa ziwe na muhuri wa posta wa kabla ya muda kwisha. Karatasi zilizompa Biden uongozi zilikuwa zimeshapokewa, zinasubiri zamu.

Kwa nini zilisubiri? Wapiga kura walipita njia tatu. Karibu milioni 2.7 walikwenda vituoni mapema wenyewe, na humo Trump aliongoza kiasi. Chini ya milioni moja walipiga siku yenyewe, na karibu watatu katika kila watano walimpa Trump. Wengine milioni 1.3 walitumia posta au masanduku ya kudondoshea kura, na hapo karibu theluthi mbili zilikuwa za Biden. Mgawanyiko huo haukuwa siri: mwaka ule wa korona Trump aliwaambia wafuasi wake waziwazi kwamba kura ya posta haiaminiki, huku chama cha Democratic kikiwahimiza wake waitumie.

Sasa tazama kazi ilivyo. Kura ya kituoni hupitishwa kwenye skana palepale na mpiga kura mwenyewe. Kituo kikifungwa, kinachobaki ni kutoa kadi ya kumbukumbu na kuipakia kwenye kompyuta ya kaunti. Kura ya posta ina safari. Saini iliyo juu ya bahasha hulinganishwa na ile ya kwenye daftari la wapiga kura, bahasha ya nje hufunguliwa, ya ndani hutengwa ili jina na kura visionekane pamoja, karatasi iliyokunjwa hunyooshwa, hupangwa kwa mafungu, ndipo huenda kwenye skana. Karatasi yenye mkunjo mkali hukwama. Iliyochanika au isiyosomeka hunakiliwa upya na jopo la watu wa pande zote mbili. Kaunti ziliruhusiwa kuanza kufungua na kupitisha kwenye skana wiki mbili kabla, lakini kujumlisha ni marufuku mpaka vituo vifungwe, na kaunti zenye watu wengi zilifika siku ya uchaguzi zikiwa bado na shehena kubwa. Kwa hiyo kura za mgombea mmoja ziliwahi kwenye skrini za televisheni na za mwenzake zikachelewa. Hakuna aliyepitwa kwa maana halisi. Zote zilikuwa zimeshapigwa.

"Mashine za Dominion zilihamisha kura"

Dominion ni kampuni iliyotengeneza mashine za kupigia kura za Georgia. Dai hili lingekuwa gumu kulikanusha miaka ya nyuma, na tunalisema hilo kwa uzito. Tangu 2002 hadi 2019 Georgia ilitumia mashine za kugusa skrini zisizotoa karatasi yoyote. Mashine ikikosea, hapakuwa na cha kurudia kuhesabu. Sheria ya 2019 ilizifuta. Mwaka 2020 mpiga kura wa kituoni aligusa skrini, mashine ikachapa karatasi yenye majina aliyoyachagua pamoja na msimbo wa QR, naye akaipeleka kwenye skana. Skana ilisoma msimbo, si majina, na wataalamu wa kompyuta walikuwa na haki ya kulalamika kwamba binadamu hawezi kuukagua msimbo kwa macho.

Hapo ndipo umuhimu wa ukaguzi wa Novemba unapoonekana. Kaunti zote 159 zilihesabu kwa mkono kila karatasi ya urais, karibu milioni tano, kuanzia tarehe 13 hadi usiku wa tarehe 18. Watu wawili walikaa meza moja. Wa kwanza alichukua karatasi na kusoma kwa sauti jina la mgombea, wa pili akahakikisha, kisha karatasi ikawekwa kwenye rundo lake: Trump, Biden, Jorgensen, isiyo na chaguo, au ile yenye utata inayopelekwa kwa jopo la vyama viwili. Marundo yakahesabiwa na idadi ya kila fungu ikaandikwa. Walichosoma ni majina yaliyochapwa, wala si msimbo. Kura za posta hazikuwa na msimbo kabisa, kwa kuwa hujazwa viduara kwa kalamu. Kama msimbo ungesema Biden na maandishi yakasema Trump, tofauti ingejitokeza kwa maelfu.

Matokeo ya mkono yalimpa Biden uongozi wa 12,284. Jumla ya kura ilitofautiana na ya mashine kwa takriban asilimia 0.1, kiasi kinachotarajiwa watu wanapohesabu mamilioni ya karatasi kwa vidole vilivyochoka. Baada ya uthibitisho wa kwanza tarehe 20 Novemba, Trump aliomba kurudia kwa skana, haki aliyokuwa nayo kwa sababu pengo lilikuwa chini ya asilimia 0.5. Hapo ndipo ilipotoka 11,779. Karatasi zilezile zilihesabiwa mara tatu kwa njia mbili tofauti, na mshindi alibaki yuleyule.

Makosa yalikuwepo, na yeyote anayesema uchaguzi ule haukuwa na dosari hasaidii ukweli. Kaunti ya Floyd ilikuwa na karatasi zaidi ya 2,500 ambazo hazikuwa zimepitishwa kwenye skana. Fayette ilikuwa na kadi ya kumbukumbu yenye kura zaidi ya 2,700 ambayo haikupakiwa. Walton na Douglas zilikuwa na kasoro kama hiyo, kila moja chini ya kura 300. Ukaguzi ndio uliozifichua, zikaongezwa, na kwa jumla zilimfaidi Trump: pengo lilishuka kutoka zaidi ya 14,000 hadi 12,670, idadi iliyothibitishwa tarehe 20 Novemba. Halafu mwaka 2024 Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo iliikaripia kaunti ya Fulton kwa kupitisha kwenye skana mara mbili karatasi zaidi ya 3,000 wakati wa kule kurudia kuhesabu. Ni uzembe mkubwa. Lakini hata ukichukulia kwamba zote zilihesabiwa mara mbili na zote zilikuwa za Biden, jambo lisilowezekana kirahisi, bado hazifiki theluthi moja ya pengo.

"Video ya State Farm Arena ilionyesha masanduku yaliyofichwa chini ya meza"

Fulton ilihesabia kura za posta katika ukumbi wa State Farm Arena, Atlanta. Kipande cha video kilichosambazwa kinaonyesha wafanyakazi wakivuta makasha kutoka chini ya meza baada ya waangalizi na waandishi wa habari kuondoka. Video nzima, ya saa nyingi, inaonyesha yaliyotangulia. Kabla ya saa nne na nusu usiku wafanyakazi walidhani kazi ya siku imekwisha, wakazipanga kura kwenye makasha ya kawaida ya kubebea kura na kuyasukuma chini ya meza, wakati waangalizi bado wapo ukumbini. Ofisi ya Katibu wa Jimbo iliposikia kwamba Fulton inataka kufunga, ikalalamika, na kazi ikaendelea hadi usiku wa manane. Kuwaacha waangalizi waondoke bila tangazo la wazi kulikuwa kasoro ya usimamizi. Kura zenyewe hazikuwa ngeni.

Dai la pili ni kwamba fungu moja lilipitishwa kwenye skana mara kadhaa. Skana ikikwama katikati ya fungu, taratibu zinataka hesabu ya fungu zima ifutwe na karatasi zirudishwe mwanzo. Kwa kamera inaonekana kama kura zinazidishwa. Kama zingezidishwa kweli, hesabu ya mkono ingekuta karatasi chache kuliko kura za mashine Fulton, na upungufu huo haukuwepo. Wachunguzi wa jimbo pamoja na FBI waliipitia video, na Bodi ya Uchaguzi ikaifunga kesi Juni 2023. Wanawake wawili, mama na bintiye, waliokuwa wakifanya kazi pale usiku ule walitukanwa na kutishwa kwa miezi mingi. Desemba 2023 baraza la mahakama lilimwamuru Rudy Giuliani, wakili wa Trump, awalipe zaidi ya dola milioni 148 kwa kuwachafulia jina. Lile bomba lililopasuka linalotajwa pia lilikuwa ni bakuli la kukojolea la ukutani lililofurika chooni asubuhi na mapema, saa nyingi kabla ya video. Hakuna karatasi iliyoharibika.

"Maelfu ya wafu walipiga kura"

Kesi ya timu ya Trump ilitaja zaidi ya wafu 10,000. Uchunguzi wa jimbo ulithibitisha wanne, ambao kura zao zilirudishwa na jamaa zao. Idadi kubwa ilitokana na kulinganisha majina na mwaka wa kuzaliwa pekee, na katika jimbo lenye wapiga kura zaidi ya milioni saba, watu wengi hushiriki jina na mwaka. Hali ni hiyohiyo kwa dai la "watoto 66,000" walioandikishwa kinyume cha sheria: Georgia humruhusu mtu kujiandikisha akiwa na miaka 17 na nusu, ila hapigi kura hadi atimize 18.

"Saini hazikukaguliwa"

Zilikaguliwa, na kiwango cha kukataliwa kwa sababu ya saini kilikuwa takriban asilimia 0.15, sawa na 2018. Kilichoshuka ni kukataliwa kwa sababu nyingine. Sheria ya 2019 iliondoa sharti la kujaza mwaka wa kuzaliwa juu ya bahasha, kosa lililowaangusha wengi 2018, na ikawapa wapiga kura siku tatu za kurekebisha tatizo la saini. Kaunti ya Cobb ilipolalamikiwa, wapelelezi wa jimbo walikagua bahasha 15,118. Hawakukuta hata moja ya udanganyifu. Mbili tu zilistahili mwenyewe kupigiwa simu kabla ya kukubaliwa, mojawapo ikiwa imesainiwa na mwenzi wa ndoa. Wanaodai kura zihesabiwe upya "pamoja na saini" wanaomba kisichowezekana: bahasha ikishatengana na karatasi, siri ya kura inazuia kuziunganisha tena.

"Ni Atlanta peke yake iliyoamua"

Fulton ilimpa Biden karibu asilimia 73, kutoka 68 za Hillary Clinton mwaka 2016. Badiliko kubwa zaidi lilitokea kwenye viunga. Cobb ilipanda kutoka asilimia 48 za Clinton hadi 56, Gwinnett kutoka 50 hadi 58, Henry kutoka 51 hadi 60. Cobb na Gwinnett zilikuwa ngome za Republican tangu enzi za Jimmy Carter hadi 2016. Kazi ya Stacey Abrams, mwanasiasa wa Democratic wa Georgia, na makundi ya kuandikisha wapiga kura ilisaidia sana, lakini hata utaratibu wa jimbo wa kumwandikisha mtu moja kwa moja anapochukua leseni ya udereva, ulioanza 2016, uliongeza daftari kwa kasi.

Na Trump hakupoteza watu. Aliongeza kura 372,750 kuliko 2016. Chama cha Democratic kiliongeza 595,670. Alishindwa akiwa amekua.

"Jorgensen ndiye aliyemnyima Trump"

Kura zake 62,229 ni nyingi kuliko pengo, hivyo hoja inavutia. Fanya hesabu: hata kama wote hao wangekwenda vituoni bila mgombea wao, Trump angehitaji karibu sita katika kila kumi. Wengi wa aina hii hubaki nyumbani. Inawezekana, ila si ukweli uliothibitika.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea nusu ya kura na moja zaidi, huuliza vipi Biden alishinda kwa asilimia 49.5. Kwa urais, Georgia humpa ushindi anayeongoza tu. Kwa Seneti hutaka zaidi ya nusu, ndiyo maana David Perdue wa Republican aliyeongoza Novemba kwa asilimia 49.7 alirudi kwenye duru ya pili tarehe 5 Januari 2021 na kushindwa na Jon Ossoff wa Democratic.

"Georgia ndiyo iliyomfanya Biden awe rais"

Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za nchi nzima. Bila wajumbe 16 wa Georgia, Biden angebaki na 290 kati ya 538, na zinazohitajika ni 270. Ili wafungane 269 kwa 269, Trump angepaswa kuchukua pia Arizona, aliyoikosa kwa kura 10,457, na Wisconsin, aliyoikosa kwa 20,682.

"2024 wapiga kura wa Democratic wa Georgia walibaki nyumbani"

Kamala Harris alipata kura 2,548,017 Georgia, zaidi ya 74,000 kupita alizopata Biden alipokuwa mshindi. Trump alipata 2,663,117, ongezeko la zaidi ya 201,000, akalichukua jimbo kwa tofauti ya 115,100.