Vidonge vya kuzuia damu kuganda: yanayosemwa Kadutu na yaliyo kweli

"Dokta, unikatie tatu tu."

Mama huyu alikuwa ametoka soko la Kadutu, lengalenga zikichungulia kwenye mfuko, noti za faranga amezikunja mpaka zimekuwa ndogo kama kiberiti. (Hapa Bukavu kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa anaitwa dokta, nimeacha kubishana.) Alitaka rivaroksabani ya miligramu 20, ya papa wa watoto wake, ambaye moyo wake hupiga ovyoovyo. Nikamwuliza kidonge cha jana mzee alikimeza saa ngapi.

"Ziliisha juzi. Lakini si bado iko mwilini? Amekunywa mwezi mzima!"

Tangu watu wasikie kwamba vidonge hivi havina mambo ya kupima damu kila mara kama Sintrom, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, wengi wamevichukulia kuwa dawa ya kusamehe. Haisamehe.

"Bado iko mwilini"

Haiko. Ukimeza rivaroksabani au ndugu zake wapya, apiksabani na dabigatrani, nguvu yake hufika juu kabisa ndani ya saa chache, kisha huanza kushuka. Nusu ya rivaroksabani huwa imetoka baada ya saa 5 hadi 13; ya apiksabani, baada ya saa 12 hivi. Warfarini, ambayo watu wanaitumia tangu 1954, huchukua siku kadhaa kuisha, ndiyo maana wazee wetu walizoea kuruka siku bila kuona kitu. Kwa hizi mpya, siku mbili bila kidonge ni siku mbili bila kinga, hata kama umemeza mwaka mzima.

Na kinga ni ya nini? Moyo ukipapatika badala ya kupiga sawasawa, damu hutuama kwenye chumba chake cha juu, upande wa kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi, ile AVC tunayoilaumu kila siku kwa tension (presha) peke yake. Mwenye moyo wa aina hiyo ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya mwenzake. Mama hakuwa ameambiwa hayo. Aliambiwa tu "dawa ya moyo", akaona moyo hauumi, akatulia.

Mtu akisahau, afanye hivi: wa kidonge kimoja kwa siku akikumbuka siku hiyohiyo, ameze, kesho aendelee na kimoja, asirundike viwili. Wa mara 2 kwa siku ameze kama bado kuna zaidi ya saa 6 kabla ya kile kinachofuata, la sivyo akiache. Aliye kwenye wiki 3 za kwanza za rivaroksabani kwa ajili ya bonge la mguuni au mapafuni ana kanuni yake ya pekee, amwulize aliyemwandikia. Na kama fedha haitoshi kununua kila mwezi, rudi kwa muganga mapema mwongee juu ya warfarini na kipimo chake cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda. Ya zamani inayomezwa kila siku inashinda mpya ya kubahatisha.

Kuhusu kukata: mkasi ukipita katikati ya bamba la vidonge, tarehe ya kuisha hubaki kwenye kipande kingine, na mgonjwa haendi nacho. Dabigatrani ndiyo mbaya zaidi. Unyevu huiharibu, na mvua zetu mnazijua, kwa hiyo ibaki kwenye pakiti yake mpaka dakika ya kumeza. Wala usiifungue kapsuli yake umwage unga kwenye uji. Mwili utanyonya dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa.

"Inafanya damu kuwa maji"

Damu inabaki nzito vilevile. Dawa inazuia protini moja tu katika mnyororo wa kugandisha: dabigatrani hushika thrombini, nyingine hushika faktari ya 10. Wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuwepo. Inalizuia lisikue, mwili wenyewe ukilimaliza polepole. Mguu ukiwa bado umevimba wiki ya pili, si ishara kwamba dawa ni ya uongo.

"Sombe imekatazwa"

Hiyo ni habari ya warfarini, ambayo hupigana na vitamini K ya majani. Kwa hizi, kula sombe, kula lengalenga. Kinachotakiwa ni chakula chenyewe: rivaroksabani ya 15 na ya 20 hainyonywi vizuri tumbo likiwa tupu. Papa huyu alikuwa akiimeza alfajiri na chai kavu. Tukaihamishia jioni, na fufu.

"Mpya ni bora kwa kila mtu"

Hapa hata wenzetu wa kazi hujikwaa. Mwenye vali (mlango wa damu ndani ya moyo) ya chuma hapewi dawa hizi. Dabigatrani ilijaribiwa kwao, na matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha mabonge zaidi na damu kutoka zaidi. Halafu kuna wale ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwabana vali, na kwetu Afrika si wachache. Utafiti uitwao INVICTUS, wa 2022, ulifuata wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hiyo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini: waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani. Mjamzito naye hapewi. Yeye hutibiwa kwa sindano za heparini.

"Haina vipimo"

Haina INR. Figo zipimwe walau mara 1 kwa mwaka, na kwa mzee mara nyingi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya dabigatrani, asilimia 80 hivi, hutolewa mwilini na figo.

"Nikiumwa kichwa nachanganya tu"

Parasetamoli, sawa. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kando ya barabara kama peremende, huongeza damu kutoka tumboni. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaimaliza dawa kabla haijafanya kazi. Ritonaviri, ya virusi vya UKIMWI, huipandisha mwilini. Sema dawa zako zote, hata za kienyeji. Na choo kikiwa cheusi kama lami, au umeanguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya.

Jumamosi mama alirudi. Mzee jino linamsumbua, na jirani kasema aache dawa wiki nzima kabla ya kung'oa. Nikamwambia asiache kitu kwa kauli ya jirani. Jino moja mara nyingi hung'olewa bila kusimamisha dawa, au kwa kupanga tu saa ya kidonge, na anayepanga ni muganga. Nikachukua kisanduku, nikaandika nyuma kwa herufi kubwa: RIVAROKSABANI 20, CHA MWISHO IJUMAA SAA MOJA USIKU.

"Umwonyeshe wa meno kabla hajashika koleo."

Akakitia kwenye mfuko, chini ya sombe.