Hukumu ya askari aliyeua: watu walisubiri jibu gani, na jaji aliulizwa nini

Tarehe 17 Agosti 2009, Jaji Salum Massati alipomaliza kusoma hukumu katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, Abdallah Zombe na wenzake wanane walitoka huru. Zombe alikuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati watu wanne, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi, walipouawa kwa risasi Januari 2006. Polisi walitangaza kuwa marehemu walikuwa majambazi na kwamba walikufa katika majibizano ya risasi. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na tume ikasema hayakuwapo majibizano yoyote: watu wale walikamatwa Sinza wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande.

Kwa hiyo nchi nzima ilikwisha kuujua ukweli mmoja mkubwa kabla kesi haijaanza. Hukumu ilipotoka, swali likawa moja kuanzia kwenye daladala hadi kwenye kurasa za magazeti: kama wote wameachiwa, basi nani aliwaua?

Nataka nieleze kwa nini swali hilo ni la haki kabisa, na kwa nini halikuwa swali aliloulizwa jaji. Naona umuhimu wa kulieleza kwa sababu kila hukumu ya askari inapotoka, hasira yote humwelekea aliyeisoma, na waliovuruga ushahidi miaka mitatu nyuma hubaki wamekaa kimya ofisini.

Tume huuliza: nini kilitokea? Inaweza kusikiliza fununu, kupokea maelezo ya mtu ambaye hatahojiwa na wakili, kisha ikaandika picha ya jumla. Mahakama ya jinai huulizwa jambo jembamba zaidi, na huulizwa mara moja kwa kila mshtakiwa: je, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, imethibitisha bila kuacha shaka kwamba huyu, mshtakiwa namba fulani, alitenda kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka? Jaji Massati hakusema watu wale hawakuuawa, wala hakukubali hadithi ya ujambazi. Alichosema ni kwamba wauaji hasa hawakuwa mbele yake, na akaelekeza watafutwe. Askari aliyetajwa sana kuwa ndiye aliyefyatua risasi, koplo mmoja, hakuwahi kusimama kizimbani katika kesi ile, maana alikuwa ametoroka.

Hapo kuna mtego wa kisheria ambao wasomaji wengi hawauoni. Katika kesi ya kikosi, wanaojua yaliyotokea ni wanakikosi wenyewe, na wengi wao ni washtakiwa. Mmoja anaandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumiwa mahakamani, akimtaja mkubwa wake, na gazeti linayachapa. Mtaani hilo linatosha. Lakini Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kifungu cha 33, inakataza mtu kutiwa hatiani kwa kutegemea ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake. Lazima upatikane ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ulio huru. Sababu yake inaeleweka: anayetaka kujinasua ana kila kishawishi cha kumsukumia mwenzake mzigo. Matokeo yake, ukuta wa ukimya ukishajengwa ndani ya kikosi, ungamo la mtu mmoja haliwezi kuubomoa.

Mtego wa pili ni kosa lenyewe lililochaguliwa. Mkubwa ambaye hakuwapo msituni, ila baadaye akasimama mbele ya waandishi na kusema uongo kuhusu marehemu, anaweza kuwa amefanya jambo baya mno. Lakini kuficha mauaji baada ya kutendeka ni kosa tofauti, kusaidia baada ya kosa, na kwa mauaji adhabu yake ya juu ni miaka saba. Si sawa na kuua. Kumtia hatiani kwa mauaji kunahitaji kuonyesha kwamba aliamuru, alishawishi au alishiriki nia moja na watendaji. Ukimshtaki kwa kosa kubwa tu bila kuandaa kosa mbadala, umecheza karata moja.

Sasa angalia kilichotokea rufani. Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Safari ya kwanza ilikwama kwa kasoro katika notisi ya rufaa, akaanza upya. Septemba 2016, miaka kumi na zaidi baada ya mauaji, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wa wale walioachiwa, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe akabaki huru. Wengi walishangaa: kwa nini huyu na si yule? Jibu ni lile lile: ushahidi ulimweka Bageni mahali pa mauaji pamoja na waliofyatua. Nia ya pamoja, vifungu vya 22 na 23 vya Kanuni ya Adhabu, haidai uwe wewe uliyevuta kifyatulio, lakini inadai ithibitike kwamba ulikuwa sehemu ya jambo lile. Cheo peke yake hakithibitishi hivyo.

Kesi ya Daudi Mwangosi ilizua malalamiko ya aina nyingine. Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu sana akiwa amezungukwa na askari. Picha zilikuwapo. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 15. Wapo waliosema ni kidogo. Wapo waliosema askari wa chini amebebeshwa peke yake mzigo wa operesheni iliyokuwa na makamanda.

Malalamiko hayo mawili yasichanganywe. La kwanza linahusu nia. Kati ya mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia kinachotofautiana ni dhamira ovu tu. Kifo ni kile kile. Kosa la kwanza adhabu yake Tanzania ni moja, kunyongwa, jaji hana uchaguzi. La pili lina upana wote hadi kifungo cha maisha, na jaji hupima: amekaa mahabusu muda gani, ni kosa lake la kwanza, silaha ilikuwa ipi, alitumwa au alijituma. Silaha ya kurushia bomu la machozi huwapa mawakili wa utetezi nafasi ambayo bunduki ya risasi haiwapi, kwa kuwa inatambulika kama kifaa cha kutawanyia watu. Mimi nadhani kumlenga mtu tumboni kwa silaha hiyo akiwa hatua chache tu kunasema mengi kuhusu nia, na ningependa mahakama zetu zilitamke hilo kwa sauti zaidi. Lakini hoja hiyo hujengwa kwa mtaalamu wa silaha anayeeleza umbali salama wa kurushia na pembe inayotakiwa, la sivyo inabaki huzuni ya kwenye picha. Lalamiko la pili, la makamanda, halikuwa la jaji yule kulijibu hata kidogo. Yeye hakuletewa kamanda. Anayeamua nani ashtakiwe ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na barua ya kuhoji uamuzi huo inapaswa kwenda kwake mapema, kesi ikiwa bado kwenye hatua ya awali.

Kesi hizi hushinda au hushindwa ndani ya siku chache za mwanzo, nami nitakaa hapo kidogo.

Mwili kwanza. Familia zetu huzika haraka, na dini zetu zinahimiza hivyo, naheshimu. Lakini uchunguzi wa maiti unaofanywa vizuri huchukua saa chache, na ni haki ya ndugu kuuomba ufanyike kabla ya kuchukua mwili. Daktari aandike kila jeraha: liko wapi kwa sentimita kutoka alama ya mwili inayojulikana, lipi ni la kuingilia na lipi la kutokea, kuna masizi au vidoadoa vya baruti pembezoni. Masizi huonyesha kwamba mtutu ulikuwa karibu sana, na vidoadoa huweza kufika mbali kidogo kuliko masizi. Askari anayesema "alikuwa anakimbia, nikafyatua kutoka mbali" hupingwa na alama hizo kuliko na shahidi yeyote. Jeraha la kisogoni nalo haliendani na majibizano ya uso kwa uso.

Nguo ndizo hupotea mara nyingi zaidi. Kama risasi ilipita kwenye shati, baruti iko kwenye shati, na ngozi chini yake inaweza kuwa safi kabisa. Chumba cha maiti hukata nguo, huzitupa, au huwapa ndugu, nao huzifua kwa uchungu. Zisifuliwe. Zikaushwe kivulini, zifungwe kwenye karatasi au bahasha ya khaki (mfuko wa plastiki hushika unyevu, damu ikaoza), na zikabidhiwe kwa hati yenye tarehe, saa, jina na sahihi ya anayepokea. Pigeni picha kila tundu kabla ya kukabidhi, pembeni mkiweka rula.

Kisha maganda ya risasi. Kila ganda hubaki na alama ya pini ya bunduki iliyolifyatua, na risasi yenyewe hubeba michirizo ya ndani ya mtutu. Mtaalamu akiwa na ganda na bunduki, anaweza kuvioanisha. Lakini ganda lililookotwa na mtoto, likapita mikono mitano na kufika kituoni mfukoni mwa mjumbe, wakili wa utetezi atalimaliza kwa maswali matatu. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kielelezo kiwe na mnyororo wa utunzaji usiokatika, yaani kumbukumbu ya kila aliyekishika tangu kilipookotwa hadi mahakamani. Wananchi wakikuta maganda, wayaache yalipo, wayafunike kwa ndoo au sufuria, wayapige picha pamoja na kitu kisichohama, mti au nguzo, na wabaki kuyalinda.

Nyaraka za kituoni nazo ni muhimu mno: daftari la ghala la silaha linaloonyesha nani alichukua bunduki namba ngapi, risasi ngapi alizotoka nazo na ngapi alizorudisha, daftari la matukio, orodha ya zamu. Risasi 30 zikitoka na 26 zikirudi, mtu lazima aeleze nne. Wakili wa familia aandike barua ndani ya wiki ya kwanza akiomba kumbukumbu hizo zihifadhiwe, nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Barua haimlazimishi mtu, lakini ukurasa ukija kuchanika baadaye, mchaniko ule unapata maana mbele ya jaji.

Ugumu mkubwa wa Tanzania ni kwamba anayetakiwa kukusanya vyote hivyo ni polisi mwenzake mtuhumiwa. Kenya walijaribu kulitatua mwaka 2011 kwa kuunda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Hukumu yake ya kwanza ya hatia ilitoka Mombasa Februari 2016: askari wawili waliompiga risasi msichana wa miaka 14 ndani ya nyumba alimokuwa huko Kinango, Kwale, Agosti 2014. Mwili ulikuwa umeshazikwa, ukafukuliwa ili uchunguzwe. Mashtaka yalikuwa ya mauaji ya kukusudia, hatia ikawa ya kuua bila kukusudia, miaka saba kila mmoja, na rufani haikuwasaidia. Kwa mzazi, miaka saba ni kitu kidogo mno. Hata hivyo, bila wachunguzi wa nje pengine ile hadithi ya kwamba binti aliwashambulia kwa panga ndiyo ingebaki kuwa maelezo rasmi.

Tusijidanganye pia kwamba umma siku zote humtetea aliyeuawa. Githurai, Nairobi, mwaka 2014, wakazi walifunga barabara wakidai aachiwe askari aliyekamatwa kwa kumuua kijana mmoja, kwa sababu walimwona ndiye kinga yao dhidi ya vibaka. Miaka minne baadaye Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa mauaji. Jaji anayefuata kelele za nje angemwachia huyo.

Ukitaka kuijadili hukumu, isome. Nyingi huwekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anza na hati ya mashtaka, ruka hadi pale jaji anapoorodhesha hoja za kuamuliwa, kisha tafuta sentensi anayosema "upande wa mashtaka haukuleta..." Hapo utaona shahidi ambaye hakuitwa, au kielelezo kilichokataliwa na sababu yake. Malalamiko yenye ukurasa na aya yana nguvu mbele ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Na yawahi, kwa kuwa notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30 tangu hukumu itolewe. Wiki mbili za kulaani mitandaoni ni karibu nusu ya muda huo.

Aliyeachiwa huru kwa hukumu ya mwisho hashtakiwi tena kwa kosa lile lile, lakini ambaye hakuwahi kushtakiwa bado yupo. Mauaji hayana ukomo wa muda.

Madai ya fidia ndiyo familia nyingi huyakosa. Husubiri kesi ya jinai iishe, ambayo yaweza kuchukua miaka mingi, huku ukomo wa madai, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, ukiwapita. Kesi ya madai haihitaji askari awe amepatikana na hatia. Kipimo chake ni uzito wa ushahidi tu, upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Ili kuishtaki Serikali, toa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha fungua shauri Mahakama Kuu. Mwoneni wakili mwezi wa kwanza. Kama hamna fedha, ombeni msaada wa kisheria, kwani huduma hiyo ipo kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 2017. Nendeni na cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti, na karatasi zinazoonyesha marehemu alikuwa akiingiza nini na nani walimtegemea.