Kumzoesha mtoto wa mbwa: maana yake hasa

Kumzoesha mtoto wa mbwa si kumfundisha. Kumfundisha ni kumwambia "kaa" akakaa, "njoo" akaja, na hilo linawezekana hata akiwa na miaka mitano. Kumzoesha ni kumkutanisha na watu, sauti na harufu za mahali atakapoishi, wakati ubongo wake bado unaamua kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Wakati huo ni mfupi. Huanza akiwa na wiki tatu hivi, macho na masikio yakiwa yameshafunguka, na huanza kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14.

Jambo hili lilipimwa zamani huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Watafiti walilea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakila na kunywa bila kumwona mtu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja tu ili wakae na watu: wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa. Kundi la mwisho liliachwa hadi wiki ya 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961, na hao wa mwisho ndio wanaoniuma kila nikiwafikiria: walibaki kumkimbia binadamu kama wanyama wa porini, ingawa hakuna aliyewahi kuwapiga.

Majumbani mwetu wengi tunafanya kitu cha namna hiyo bila kujua. Mbwa anafika mdogo, anafungiwa kibandani nyuma ya nyumba "ili awe mkali". Kwetu tulifanya hivyo nikiwa mtoto. Akawa mkali kweli, ila ukali wake ulikuwa woga mtupu, na siku mnyororo ulipokatika alimng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kurudisha ungo. Mbwa mlinzi anatakiwa ajue tofauti ya anayebisha hodi na anayeruka ukuta. Kama kila mtu kwake ni tishio, tofauti hiyo ataijulia wapi?

Kazi yenyewe huanza kabla hajafika kwako. Akiwa na mama yake na ndugu zake hujifunza kupima meno: aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo unakwisha. Ndiyo maana asichukuliwe kabla ya wiki ya nane, hata kama muuzaji ana haraka.

Nilipomleta Popi, siku ya tatu tu mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Alikimbilia chini ya kochi, mkia umebana tumboni. Sikumvuta. Niliketi sakafuni, nikaulaza mfuniko mbali kidogo, nikapanga dagaa watatu kutoka kwenye kochi hadi kwenye mfuniko. Alitoa pua, akairudisha. Akatoa shingo, akanyakua dagaa wa kwanza na kurudi naye gizani. Kufikia dagaa wa tatu alikuwa amesimama juu ya mfuniko wenyewe. Kesho yake niliugonga kwa kidole, kesho kutwa kwa kijiko. Jambo kubwa hapo ni kwamba alisogea mwenyewe. Ningemburuta hadi pale, angejifunza kwamba mfuniko unatisha na mimi pia siaminiki. Mbwa akianza kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi au kugeuza uso, ameelemewa. Mpe nafasi apumzike.

Akutane na watu wa kila namna: watoto wanaokimbia, mzee mwenye mkongojo, dereva wa bodaboda na helmeti yake, mama aliyevaa buibui. Si lazima wamshike. Majirani wengi wa Pwani hujiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ni najisi kwao, na wana haki ya kuheshimiwa. Kuwaona wakipita kwa utulivu, huku anakula dagaa, kunamtosha kabisa.

Wengi huuliza kuhusu chanjo, na wana haki ya kuogopa, maana parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha watoto wa mbwa, huua haraka. Lakini ukimfungia hadi dozi zote ziishe, wakati wenyewe utakuwa umepita. Mbebe mikononi au kwenye kapu, usimweke chini penye mbwa usiowajua, mkutanishe na mbwa wazima waliochanjwa, na umuulize daktari wa mifugo ratiba ya dozi zake pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mbwa wa tiba, yule anayepelekwa hospitalini au kwa wazee ili awaliwaze, hujengwa juu ya msingi huu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York alieleza jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia mtoto aliyejifungia moyoni kuanza kufunguka. Mbwa wa namna hiyo avumilie mkono unaotetemeka, kukumbatiwa vibaya, kiti cha magurudumu kinachopita karibu na mkia wake. Mashirika mengi hayampokei kabla hajatimiza mwaka mmoja, na si kila mbwa aliyelelewa vizuri ataipenda kazi hiyo. Mwingine atabaki mbwa wa nyumbani, na hiyo ni kazi kamili.

Wala si mbwa peke yao. Pale Morogoro, watu wa shirika la APOPO wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini huanza kwa kuwazoesha watu na sauti wakiwa bado wadogo, kabla ya somo lolote la kunusa.

Na ukimpata mbwa ana miezi sita na anatetemeka? Njia ni ile ile, ila umbali uwe mkubwa zaidi na hatua ziwe ndogo zaidi. Jirani yangu alianza na mbwa wake wakiwa ng'ambo ya barabara, kila jioni, wakiwatazama tu watoto wakicheza mpira. Mwezi wa tatu mbwa alilala chini, kichwa juu ya miguu yake, akaendelea kutazama.