Ebioni hakuwa mtu

Nimemsikia tena mhubiri, wa tatu sasa, akisema "Ebioni na wafuasi wake". Jamani.

Waebioni walikuwa Wayahudi waliomkiri Yesu kuwa Masiya huku wakiendelea kushika Torati: tohara, Sabato, miiko ya chakula. Askofu Ireneo, karibu mwaka 180, anasema walisoma Injili ya Mathayo peke yake, walimkataa Paulo kama mwasi wa sheria, na waliiheshimu Yerusalemu kana kwamba ndiyo nyumba ya Mungu. Wengi wao walimwona Yesu kuwa mwana wa Yusufu na Mariamu.

Sasa jina. Kwa Kiebrania ebyon ni maskini, wingi wake ebyonim. Basi. Ila Wamarkioni, kundi lingine la zamani, walikuwa na mwanzilishi wao Markioni, na nadhani ndiyo maana watu wakaona hawa nao hawakosi mwanzilishi. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, akamtaja bwana Ebioni, na bwana akaanza kuishi. Kufika karne ya 4 Epifanio, askofu aliyeandika dhidi ya wazushi, anampeleka kuhubiri Asia na Roma, tena anamkutanisha na Mtume Yohana kwenye hamamu, kisa ambacho Ireneo alikuwa amekisimulia kuhusu Kerintho, mzushi mwingine! Ni sawa na kusikia habari za mafakiri ukaulizia kaburi la Mzee Fakiri.

Origene, mwanateolojia wa karne ya 3, alilijua neno, akalifanyia kejeli: maskini wa akili. Wenyewe walikuwa na maelezo yao, na aliyetuhifadhia ni huyo huyo Epifanio: eti tuliuza mali zetu zamani za mitume, tukaweka fedha miguuni pao, ndiyo maana tunaitwa maskini. Kama kweli waliuza au la, jina walilibeba kama sifa.

Huyo Epifanio anasema pia hawakula nyama na walioga kila siku. Katika injili yao, Yohana Mbatizaji hali nzige. Nzige kwa Kigiriki ni akris. Wao wanamlisha enkris, kitu kama andazi la mafuta. Epifanio amekasirika kweli kweli, lakini mimi hapo hucheka kila nikisoma.

Kwa hiyo, mhubiri wangu, ukiwataja tena sema Waebioni, au hata "wale maskini". Huyo bwana Ebioni mwache apumzike. Ya Sabato na ya tohara uliyaeleza vizuri.